Kioo cha Kugusa Kipimwe kwa Faida ya Mgeni

IRINGA — Mwenye duka hapimi biashara kwa wingi wa wapita njia, hupima kwa mauzo. Makumbusho nayo yapimwe hivyo.

Bidhaa Iringa ipo. Boma la Wajerumani lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Kalenga kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Isimila kuna zana za mawe za kale. Panapozungumzwa mitambo ya kisasa, yaani vioo vya kugusa na michezo ya kompyuta, swali la kwanza lisiwe bei ya mtambo, bali mgeni anaondoka na nini.

Kitabu cha wageni hakitoshi. Wengi huandika "nzuri sana" kwa adabu, wakaenda zao. Kipimo cha kweli ni hiki: mgeni alisimama dakika ngapi, aligusa nini, alikwama wapi? Na akitoka, anaweza kumweleza mwenzake jinsi Wahehe walivyomshinda Zelewski pale Lugalo mwaka 1891? Mtoto anayebonyeza vitufe kwa furaha huenda hajajifunza kitu.

Lijaribiwe kwanza jambo la gharama ndogo. Darasa moja lishike nakala ya shoka la mawe la Isimila na kukatia nalo kijiti; darasa jingine lipewe kioo. Majibu yao yalinganishwe, ndipo fedha zitoke. Umeme ukikatika kioo hulala, jiwe huendelea na kazi.