Mfalme aliyelamba nyongo

Mara hii twende Uchina ya zamani, miaka 500 hivi mbele ya Kristu. Inchi ile ilikuwa na wafalme wengi. Upande wa mashariki, karibu na bahari, inchi ya Wu na inchi ya Yue zilikuwa jirani, na zilichukiana sana.

Mwaka 496 mbele ya Kristu, mfalme wa Wu alishambulia Yue. Akaumizwa mguu, akafa. Mtoto wake Fuchai akaweka mtu uani wa kumwuliza kila anapopita: je, umesahau nani alimwua baba yako? Mwaka 494 akalipiza. Goujian, mfalme wa Yue, akabaki na askari 5000 tu juu ya mlima Kuaiji, akaomba amani. Mshauri Wu Zixu akakataza. Lakini mkubwa mwingine wa Wu alikuwa amekula zawadi za Yue, akawasemea vizuri. Fuchai akakubali.

Basi Goujian akaweka nyongo karibu na kiti chake, akawa anailamba mbele ya kula, asisahau ile haya. Yeye mwenyewe akalima, mke wake akafuma nguo, nyama wakaiacha. Miaka ikapita. Mwaka 482 Fuchai alikwenda kaskazini na askari wake hodari kutafuta ukubwa, na Yue wakaingia kwake. Mwaka 473 inchi ya Wu ikaanguka kabisa. Sasa ni Fuchai aliyeomba amani. Wakataka kumpeleka mbali na jamaa 100 tu. Akakataa, akajiua.

Mpaka leo Wachina wanasifu uvumilivu wa Goujian, na methali yake inafundishwa kwa watoto. Ni kweli, kijana: ukianguka masomoni ao kazini, shika jembe kama yeye.

Lakini hadithi haikuishia pale. Kiisha kushinda, Goujian alimpa upanga Wen Zhong, mshauri aliyemsaidia miaka yote, ili ajiue. Adui hakuweko tena, lakini uchungu ulibaki kinywani, ukatafuta mtu wa nyumbani.

Wazazi, tunapokula pamoja jioni, tunawakumbusha watoto nini? Kazi, ao kosa la jirani?