Shoki Zimechoka: Nyumbani au Gereji?

Ikiwa unaishi Embulbul na ploti yako iko mbali na lami, bila shaka unaijua sauti hiyo: kwata-kwata upande wa mbele kila gari likiingia shimo. Barabara kuu ya kutoka Karen hadi Ngong si neno. Taabu huanza unapoiacha na kuingia vijia vya udongo ambavyo mvua huvifukua kila msimu. Fundi anakutajia bei, nawe unakumbuka karo. Je, ufunge mwenyewe?

Hutegemea ni spea ipi. Kwanza bonyeza pembe ya gari kwa nguvu, kisha uachilie. Likiinuka na kutulia, shoki ingali hai. Likiendelea kunesanesa, au ukiona shoki imelowa mafuta, imekwisha. Na shoki hubadilishwa mbili pamoja, kushoto na kulia, hata ukiambiwa moja yatosha.

Linki za stabilaiza na mipira yake, mwenye spana nzuri ataziweza Jumamosi asubuhi. Kadhalika shoki za nyuma ambazo springi yake imekaa kando. Lakini shoki za mbele za magari mengi madogo tunayoyaagiza kutoka Japani zimevikwa springi, na springi hiyo imebanwa. Ukifungua nati ya juu ya katikati bila kile chombo cha kuibania, hufyatuka kama risasi, nao uso wako uko papo hapo. Hiyo peleka gereji, usione haya.

Tena nakusihi, ndugu yangu, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala usimtume mwanao akumulikie tochi humo. Udongo mweusi ukinyeshewa hulainika, jeki ikalala upande. Tanguliza ubao mnene chini ya jeki, kisha utegemeze gari kwa stendi za chuma. Wengine hupanga mawe ya kujengea. Jiwe hupasuka bila kupiga hodi.

Gereji nazo si malaika. Ziko bushi za mpira katika mikono inayoshika magurudumu. Bolti zake hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Fundi mwenye haraka huzikaza gari likingali juu. Linaposhushwa, mpira husokotwa, na haukawii kuchanika. Ukalipa tena! Simama hapo, umwombe kwa adabu alishushe kwanza. Ukienda kununua spea mwenyewe barabara ya Kirinyaga, jijini Nairobi, beba ile kuukuu uilinganishe kabla ya kutoa pesa.

Kazi ikigusa shoki za mbele au viungo vya usukani, lipia alainimenti hata kama umefunga kila kitu mwenyewe uani. Gurudumu likikaa upande kidogo tu, tairi huliwa ukingo mmoja, na bei ya tairi mbili mpya itaimeza akiba yote uliyoipata kwa kumkwepa fundi.