KIKI AU STATA: TUSIACHE MBACHAO



Barazani kwetu siku hizi mabishano si ya bei ya karafuu tu, bali ni ya pikipiki pia. Vijana wasema kupiga kiki ni mambo ya kizamani, na baadhi yao wameing'oa kabisa pedeli ya kiki, wakategemea swichi ya stata peke yake. Wazee nao wasema stata ni uvivu. Sisi twaona kila upande una haki yake na kosa lake, na kwa kuwa jambo lenyewe lagusa mazao yetu na roho za watu, yafaa tuliseme.

Kwanza, stata si kitu kipya. Mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Marekani ilitoa pikipiki yenye stata ya umeme, ikaiacha upesi kwa sababu betri za siku zile hazikuiweza kazi hiyo. Honda ilipotoa Super Cub mwaka 1958 ilikuwa ya kiki. Yenye stata ilifuata mwaka 1960. Harley-Davidson kubwa zilipata stata mwaka 1965. Hata Norton Commando ya mwaka 1975, ya Uingereza, ilikuwa na stata dhaifu, na wengi walizoea kuisaidia kwa mguu. Basi tangu mwanzo udhaifu wa stata ni betri.

Stata ni mota ndogo inayokula umeme mwingi kwa muda mfupi. Kiki haidai kitu ila mguu. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani, cheche ya plagi yatokana na sumaku inayozungushwa na injini yenyewe. Betri ikifa, mguu watosha. Lakini tuseme kweli, si zote. Ambayo cheche yake yategemea betri, na hizi mpya zinazotiwa petroli kwa umeme badala ya kabureta, huweza kukataa kuwaka hata ukipiga kiki mpaka jasho likutoke. Mwulize fundi wako yako ni ya namna gani, kabla hujayajua hayo njiani.

Msimu mmoja uliopita, jua likitua, mchumaji alianguka kutoka juu ya mkarafuu katika shamba la mmoja wetu. Hakufaa kupakiwa kwenye pikipiki. Ilitakiwa mtu akimbie barabara kuu akalete gari. Pikipiki iliyokuwapo ilikuwa nzuri, yang'aa, haina kiki. Ikabonyezwa swichi, ikalia tik, tik, kisha kimya. Njia ilikuwa tope tupu, hata kuisukuma ili iwake haikuwezekana. Akaitwa jirani na kuukuu lake ambalo sote tulikuwa tukilicheka. Akapiga kiki mara mbili, likawaka. Gari lilikuja, na yule mtu leo atembea, alhamdulillahi. Lakini zile dakika 20 za kungoja hatuzisahau.

Wala hatuwadharau wapendao stata. Mwanachama mwenye goti bovu, mama aliyevaa buibui, au mtu aliyepakia gunia la karafuu ikamzimikia mlimani: hawa wapige kiki vipi? Tena kiki isiyojuliwa ina madhara yake. Injini kubwa ya silinda moja huweza kuirudisha pedeli kwa nguvu ikamuumiza mtu kifundo cha mguu. Anayejua huishusha pedeli polepole mpaka aone uzito, huiachia ipande, kisha huikanyaga kwa uzito wa mwili mpaka chini. Nguvu za hasira hazina faida.

Rai yetu ni hii. Anayenunua pikipiki ya shamba, achague yenye vyote viwili ikiwa yapatikana. Mwenye stata, aitunze betri yake. Mavuno yakiisha pikipiki nyingi huegeshwa miezi, na betri iliyoachwa bila chaji huharibika isishike moto tena. Ifungue waya, uichaji mara kwa mara, na ikiwa ni ya maji, uitazame maji yake. Vichwa vyake visafishwe na kupakwa grisi, maana upepo wa bahari huvila kwa kutu. Na mwenye kiki, aipige walau mara moja kwa juma, hata kama stata yafanya kazi, ili siku ya haja isije ikawa imeshikana kwa kutu.

Ama kuing'oa pedeli kwa ajili ya urembo, hilo sisi twalikataa waziwazi. Chuma kile hakili petroli wala hakizuii mtu kutumia swichi. Twajua sote kwamba karafuu mbichi zikilala katika lundo hupata joto na kuharibika, na kwamba mvua haingoji fundi aje mjini kutafuta betri. Na mtu aliyeanguka hangoji kabisa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu mpya ni mzuri, nasi twausalia. Lakini mbacha wetu tuukunje vizuri na kuuweka karibu. Kila mwanachama mwenye pedeli iliyotupwa uani, tunamwomba aitafute na kuirudisha mahali pake kabla ya mavuno.