Ondoa Mita Yako Kwenye Fensi ya Stima

Ndugu mfugaji, kama una ile multimita ndogo ya sokoni na unaitumia kupima fensi ya stima, iweke chini kwanza tuzungumze.

Msimu huu nimeletewa mita tatu zilizoungua, na zote ziliuawa kwa njia moja. Mwenyewe alizungusha kitufe hadi 1000, akagusisha waya mwekundu kwenye fensi na mweusi ardhini, akangoja namba. Ukimuuliza ni nani aliyemfundisha, atakwambia fundi: "Weka kwa 1000, hiyo ndiyo ya juu, haiwezi kuungua." Ushauri huu unatolewa kwa ujasiri mkubwa na watu ambao hawalipii mita yako.

Hiyo 1000 ni mpaka wa mita, na zile za bei rahisi nyingi haziufikishi. Enajaiza ya fensi hutoa volti 5,000 hadi 10,000 kwa pigo moja fupi, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha inanyamaza karibu sekunde nzima kabla ya kupiga tena. Pigo la namna hiyo linaruka cheche ndani ya mita na kuua chipu yake. Usiniambie kuna fyuzi. Katika mita nyingi fyuzi inalinda upande wa ampea tu, na hata ingekuwa upande wa volti, cheche inamaliza kazi kabla fyuzi haijayeyuka. Nakiri kwamba hata mimi nilishaua mita ya ofisi hivyo, mwaka wangu wa kwanza kazini, mbele ya kikundi kizima. Walicheka sana.

Lakini mita iliyokufa ndiyo hasara ndogo. Kinachoniudhi zaidi ni ile iliyopona. Inasoma mara mbili au tatu kwa sekunde, kwa hiyo pigo linapita bila kuonwa. Itakuandikia 0, kisha 340, kisha 12. Anayeona 0 anasema fensi imekufa na kuushika waya. Anayeona 340 anasema enajaiza ni dhaifu, na hapo ndipo nimekuta mtu anataka kuunganisha waya wa fensi moja kwa moja na stima ya nyumba. Pigo la enajaiza linauma halafu linakuachilia. Stima ya nyumba haikuachilii. Itaua ndama, na itaua mtoto aliyetumwa kumfuata ndama.

Wajanja huniuliza, je, nikiweka rezista kupunguza volti? Rezista ndogo ya robo wati huvumilia karibu volti 250. Kwa volti 10,000 unahitaji arubaini na zaidi zikifuatana, zikiwa zimefunikwa vizuri, na bado mita yako haitashika kilele cha pigo. Wazee waliotengeneza redio kubwa za valvu wanaelewa ninachosema. Ndani yake mlikuwa na volti 250 na zaidi, na fundi mwangalifu hakugusa kitu, wala hakuchomeka mita, kabla ya kumaliza umeme uliobaki kwenye kapasita, hata kama redio ilizimwa. Enajaiza nayo ina kapasita ya mamia ya volti. Usiifungue.

Nunua kipima fensi. Kile cha taa kina chuma cha kuchomeka ardhini na kichwa cha kugusa waya, na taa zinawaka kwa ngazi za volti. Anza mwisho wa fensi, mbali na enajaiza. Kwa ng'ombe nataka nione angalau 3,000 pale mwisho. Kwa kondoo wenye manyoya, 4,000. Ikishuka, rudi nyuma ukipima hadi uone inaporuka juu: kasoro iko kati ya hapo na ulipotoka. Mara nyingi ni majani mabichi yanayogusa waya, au kizuizi kilichopasuka kwenye nguzo.

Kama fensi yote iko chini, kagua ardhi. Zima enajaiza, nenda hatua 100 hivi, egemeza vyuma kadhaa kwenye waya vikigusa udongo, kisha washa. Fensi ikishuka chini ya 2,000, pima kwenye fito ya ardhi, na chuma cha kipima ukichomeke hatua moja pembeni. Zaidi ya 300 maana yake ardhi haitoshi. Ongeza fito, kila moja ikae hatua tatu kutoka nyenzake. Kiangazi tatizo hili huzidi.

Multimita yako ina kazi yake: betri. Zima enajaiza, tenganisha fensi, kisha chomoa klipu za betri na upime. Betri ya asidi iliyopumzika ikiwa na 12.7 imejaa; ikiwa 12.0, ichaji kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Na wanaogawa miradi nao nawasema. Nimehudhuria makabidhiano ambapo kikundi kilipewa enajaiza, paneli, nyaya na fulana za sherehe, na hakuna aliyekumbuka kipima. Mnapojaza fomu ya kuomba fensi, andikeni kipima kwenye mstari wa pili, chini ya enajaiza. Msiandike "vifaa vingine", kwa sababu hapo ndipo hupotelea.

Ofisini kwangu kipo kimoja cha kuazima, siku mbili kwa kila kikundi.