Ohiopyle: Anayeficha kisanduku aombe kibali kwanza

Katika hifadhi ya jimbo ya Ohiopyle, Pennsylvania, Marekani, kando ya mto Youghiogheny wenye maji makali, watu wanatafuta visanduku vilivyofichwa wakiongozwa na GPS. Mchezo huo ulianza mwaka 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS ya raia. Mchezo wenyewe si mbaya. Ubaya ni kuficha bila ruhusa. Sheria inadai kibali cha wakuu wa hifadhi, lakini wapo wanaonung'unika eti makaratasi yanaua furaha. Uongo! Kisanduku kimoja kwenye mwamba wenye utelezi kinaita miguu mingi: majani yanakanyagwa, ukingo unamomonyoka, na mtoto akiteleza, mto haumrudishi. Je, furaha hiyo italipwa na nani?