Mahafali: Waliolipa karo wasiendelee kukaa nje ya ua

Alfajiri ya siku ya mahafali, barabara ya kutoka Kisumu kuelekea Busia hubadilika sura. Matatu zilizokodishwa Nyakach, Seme na Asembo hupita njia panda ya Kisian zikiwa zimejaa akina mama waliovalia leso za sare, wazee wenye fimbo zao, na watoto ambao hawajawahi kuliona lango la chuo kikuu. Wengine huwa wamevuka ziwa kwa feri ya Mbita jana yake na kulala kwa jamaa mjini. Nyimbo huanza kabla jua halijachomoza upande wa milima ya Nandi. Kutoka Kisumu hadi Maseno ni takriban kilomita 25 tu, lakini kwa wengi waliomo ndani ya magari hayo safari hiyo imechukua miaka minne, mitano na, kwa sababu ya migomo, wakati mwingine sita.

Kila msimu huu unapowadia, lawama ile ile huzuka. Inasemwa kwamba familia za kanda ya ziwa zinatumia fedha nyingi mno kusherehekea cheti ambacho huenda kisilete kazi. Wanaolalamika hutaja gharama ya magari, mahema, mpiga picha na mbuzi, kisha huuliza kama fedha hizo zisingemwanzishia kijana biashara. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, inapuuza swali la msingi zaidi: sherehe hii ni ya nani, na kwa nini mtu aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho ili mtoto asome hakubali kabisa kukosa kuiona?

Jibu sehemu yake limo katika historia. Elimu ya kisasa ilifika Maseno mwaka 1906, wamishonari wa Kianglikana walipoanzisha shule ambayo baadaye iliwalea watu kama Jaramogi Oginga Odinga. Lakini kwa miongo mingi, mwanafunzi aliyetaka shahada alilazimika kuondoka. Alikwenda Makerere, au ng'ambo. Mwaka 1959, ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya, mzaliwa wa ukoo wa Kisiwa cha Rusinga, iliwapeleka wanafunzi 81 nchini Marekani. Jaramogi naye aliwafungulia vijana wengi njia ya kwenda kusoma Ulaya Mashariki. Vijiji vilichanga. Palikuwa na karamu za chai, minada ya kuku na michango makanisani ili kijana apate nauli, koti na fedha za kujikimu.

Waliochanga hawakuona matunda kwa macho yao. Kijana alipotunukiwa shahada, mamaye alikuwa shambani, maelfu ya kilomita mbali. Kama alikuwa na bahati, baada ya miezi kadhaa alipata picha kwa posta, ikawekwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani juu ya kiti cha mgeni. Nyumba nyingi za kanda hii bado zina picha ya namna hiyo. Ndiyo mahafali pekee ambayo kizazi hicho cha wazazi kilihudhuria.

Hali ilibadilika polepole. Chuo cha walimu cha Siriba na taasisi ya serikali iliyokuwa jirani yake viliunganishwa, na mwaka 1991 Maseno ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2001 ikawa chuo kikuu kamili. Bondo ilipata chuo kishiriki mwaka 2009, kikapewa hati mwaka 2013 kwa jina la Jaramogi. Homa Bay nayo ina chuo kikuu chenye jina la Mboya. Kwa mara ya kwanza, bibi wa Uyoma angeweza kupanda gari asubuhi, akamwona mjukuu wake ndani ya joho, na kulala kwake usiku huo huo. Anayeshangaa kwa nini jamaa 20 hujibana ndani ya gari la abiria 14 akumbuke kwamba kiti hicho kilingojewa kwa vizazi viwili.

Tatizo ni kwamba jamaa hao wanapofika, sherehe haijaandaliwa kwa ajili yao.

Asili ya ibada hii ni ya mbali. Joho ni vazi la wasomi wa Ulaya ya kale, walioketi katika kumbi za mawe zenye baridi kali. Sisi tumelirithi na kulivaa chini ya jua la Ikweta. Hilo halina ubaya, kwani watu huzoea vazi lolote likipata maana kwao. Kilichorithiwa pia, na ambacho kina ubaya, ni mpangilio wa viti. Enzi za Rais Daniel arap Moi, rais ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma. Mahafali yalikuwa hafla ya serikali, yenye walinzi, itifaki na hotuba zilizosubiriwa na vyombo vya habari. Mzazi alikuwa sehemu ya umati. Rais Mwai Kibaki aliachia wadhifa huo mwaka 2003 na vyuo vikapata machansela wao, lakini desturi ya kumwona mzazi kama mtu wa kuzuiliwa langoni haikuondoka pamoja na msafara wa rais.

Katika vyuo vingi vya umma nchini, mhitimu huruhusiwa wageni wachache wa kuingia uwanjani, mara nyingi wawili. Waliobaki hukaa nje ya ua, chini ya miti, kando ya wauza soda na mashada ya karatasi za kumetameta. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Siku ya mahafali, aliyechuma juani huendelea kukaa juani, na kivuli cha hema kuu huwa cha wageni waheshimiwa ambao hawakuchangia hata kalamu.

Walioingia nao hawapati mengi. Maandamano ya wahadhiri hupita, rungu la heshima hutangulizwa, hotuba hufuatana. Kisha mkuu wa kitivo husimama, huwaomba wahitimu wa shahada ya kwanza wasimame wote kwa pamoja, mamia kwa mamia, na chansela huwatunuku kwa tamko moja. Wenye shahada ya uzamifu ndio huitwa mmoja mmoja. Yote huisha kwa muda mfupi kuliko ule unaohitajika kufunga vishikizo vya joho. Bibi aliyetoka Uyoma humgeukia aliyeketi kando yake na kuuliza kama mjukuu wake tayari ameitwa. Ameitwa, lakini pamoja na wengine 400, na jina lake halikutajwa.

Vyuo hujitetea kwa idadi. Ni kweli kwamba kusoma majina ya maelfu kungechukua siku nzima na pengine zaidi. Lakini idadi si amri kutoka mbinguni. Chuo kinaweza kufanya mahafali ya kila kitivo kwa siku yake, mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila mhitimu akatembea jukwaani huku jina lake likisikika. Kinachokosekana ni nia, kwa kuwa hafla moja kubwa ni rahisi kuisimamia na hupendeza zaidi kwenye magazeti.

Ndiyo maana sherehe ya pili huzuka nje ya ua. Waluo wana desturi ya pakruok: muziki unapochezwa, mtu hutoa fedha kidogo, ala hunyamaza, naye hupewa nafasi ya kujisifu na kuwasifu watu wake kwa majina ya kupanga. Baada ya chansela kuondoka, au kule nyumbani jioni orutu linapolia, mhitimu sasa hutajwa ipasavyo. Hutajwa kuwa mwana wa fulani, wa ukoo fulani, mjukuu wa mwanamke aliyeanika omena ufuoni miaka yote hiyo. Mjomba aliyelipa karo ya muhula mmoja hutajwa. Shangazi aliyetoa godoro hutajwa. Kile ambacho chuo kilikifanya kwa jumla, ukoo hukifanya kwa rejareja. Hayo si majivuno matupu. Ni hesabu inayosomwa hadharani mbele ya wadai.

Na wadai hao wapo kweli kweli. Karo ya mwanafunzi wa ufuoni hutoka katika vyanzo visivyo na ratiba. Omena huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikizidi mapato hupungua, na kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi huo hufungwa ili samaki wazaane. Karo haifungwi. Upande wa Muhoroni na Chemelil, mkulima wa miwa kwa miaka mingi amepeleka miwa kiwandani na kungoja malipo kwa miezi. Viwanda vya serikali vilikodishwa kwa wawekezaji binafsi mwaka 2025 baada ya kulemewa na madeni, yakiwemo yale ya wakulima. Bodi ya mikopo ya HELB, iliyoundwa mwaka 1995, huziba sehemu ya pengo. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023, wa kuwagawa wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, ulizua malalamiko mengi kutoka kwa wazazi waliodai kuwekwa katika makundi yasiyo yao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa unakiuka katiba. Pengo linalobaki huzibwa na chama cha akina mama, kanisa na jamaa.

Hapo ndipo penye jeraha ambalo hotuba za mahafali hazigusi. Ili jina la mwanafunzi liingie katika orodha ya wahitimu, lazima apitishwe na maktaba, bweni, idara yake na ofisi ya fedha. Anayedaiwa karo huondolewa. Anayekosa alama za somo moja, hata kama mtihani aliufanya na karatasi ikapotea mikononi mwa wengine, huondolewa pia. Orodha ya mwisho mara nyingi hutoka siku chache kabla ya sherehe, wakati matatu imekwisha kulipiwa, leso zimeshonwa na mbuzi amefungwa kambani.

Wapo vijana wanaoshindwa kuwaambia wazazi. Huvaa suti, huandamana na jamaa hadi langoni, kisha hupotea katika umati na kurejea jioni wakisema joho lilihitajika kurudishwa mapema. Wengine huzima simu siku mbili kabla. Mzazi aliyelipa karo kwa miaka minne na kubakisha deni la muhula mmoja huaibishwa sawa na yule ambaye hakulipa chochote. Chuo kina haki ya kudai fedha zake, na bila fedha hizo wahadhiri hawafundishi. Mgomo wao ulioanza Septemba 2025 na kuendelea hadi mapema Novemba ulionyesha jinsi hazina za vyuo zilivyo tupu. Lakini deni ni suala la cheti. Chuo kinaweza kushikilia karatasi hadi kilipwe na bado kikamruhusu aliyefaulu mitihani kuketi na wenzake na kutunukiwa mbele ya mama yake. Na kama hilo ni gumu, orodha itolewe mwezi mmoja kabla. Hilo halihitaji bajeti.

Kuhusu karamu za nyumbani, wakosoaji wana haki kwa kiasi. Mahema na viti vya plastiki vinavyokodishwa kwa mahafali ndivyo vile vile vinavyokodishwa kwa mazishi, na mashindano ya kifahari yaliyoharibu mazishi yameanza kuingia huku pia. Mbuzi mmoja hana ubaya. Ng'ombe wa kukopa ana ubaya. Na mwanasiasa anayefika saa tisa, akapokonya kipaza sauti na kuhutubia kuhusu uchaguzi ujao huku mhitimu akipepewa nzi, anafaa kupewa sahani na kuombwa aketi.

Hoja ya kazi nayo haiepukiki. Maseno ilizaliwa kutokana na chuo cha walimu, na wengi wanaohitimu huko hadi leo ni walimu. Wenzao waliowatangulia wanajua maana ya kungoja. Maelfu walifundisha shule za sekondari ya msingi kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi, wakagoma mwaka 2024, na 46,000 kati yao walipewa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. Wengine bado wanaendesha bodaboda Kondele au kuuza vocha Ahero. Wazazi wanajua haya yote. Wanaishi na vijana hao nyumba moja. Kudhani kwamba wanasherehekea kwa kutojua hali ya ajira ni kuwadharau. Wanachosherehekea ni kwamba lile walilochangia limefika mwisho, jambo ambalo katika maisha yao ya kungoja malipo ya miwa na msimu wa omena halitokei mara nyingi.

Joho lazima lirejeshwe kwa tarehe iliyowekwa, la sivyo mhitimu hutozwa faini. Kwa hiyo mwendo wa saa kumi hivi, kabla matatu hazijageuka kurudi Kisian, jamaa huanza kulivaa kwa zamu. Baba hulivaa, likambana mabegani. Mdogo wake aliye shule ya sekondari hulivaa, likaburuta chini. Mwishowe bibi wa Uyoma huvishwa, kofia ikawekwa juu ya kitambaa chake cha kichwa, na mpiga picha, ambaye tangu asubuhi amekuwa akiwahimiza watu watabasamu, safari hii husubiri tu hadi bibi mwenyewe awe tayari.