Kamba ya nguo siyo uchafu

Wadau, leo naomba tuongelee kamba. Hapana, siyo zile kamba tunazopigwa majukwaani kila baada ya miaka mitano. Naongelea kamba ya kuanikia nguo, ile inayofungwa toka kwenye mparachichi hadi kwenye nguzo, na ikilegea katikati inawekewa mti wenye panda ili mashuka yasifagie udongo.

Najua kuna atakayesema jamaa leo amekosa habari. Subirini kwanza.

Kuna mtindo umeingia hapa Moshi kwenye hizi nyumba mpya za kupangisha. Ukuta mrefu, geti la chuma, peving kuanzia getini hadi mlango wa jikoni, vigae vinavyong'aa mpaka unaogopa kuvua viatu. Maegesho ya magari mawili yapo, hata kama wapangaji wote tunapanda daladala na bodaboda. Tanki la maji lipo. Sehemu ya kuanika nguo haipo. Siyo kwamba ni ndogo, haipo kabisa. Halafu unasaini mkataba unakuta kifungu kinachosema mpangaji haruhusiwi kuanika nguo mahali panapoonekana kutoka nje. Mimi ninacho hicho kifungu. Nilipomuuliza mwenye nyumba sababu, akaniambia nguo zikining'inia zinaharibu mandhari, na kwamba hii siyo nyumba ya uswahilini.

Moshi ni mji unaojisifia usafi, na una haki hiyo, umeshika namba moja kwa usafi mara kadhaa. Lakini jamani, nguo iliyoanikwa ni ushahidi kwamba kuna mtu kafua! Sasa tunaambiwa ushahidi wa usafi ndiyo unaochafua mji. Hiyo akili imetoka wapi?

Basi watu wanaanika ndani. Shati kwenye nondo za dirisha, suruali mgongoni mwa kiti, taulo juu ya mlango, soksi zimepangwa juu ya friji kama samaki wa kukaangwa. Beseni moja la nguo zilizokamuliwa kwa mkono linabaki na lita kadhaa za maji. Yale maji hayapotei kimiujiza. Yanahamia hewani, toka hewani yanahamia ukutani, na baada ya masika mawili unaona kona ya chumba imeota kuvu jeusi. Mwenye nyumba anakuja kukagua anasema umemharibia rangi. Mtoto anakohoa usiku, mnatafuta dawa ya kikohozi duka la dawa, kumbe dawa ilikuwa ni kamba ya elfu tatu na jua la Mungu.

Hapo ndipo anatokea rafiki yako mmoja aliyewahi kuishi nje, au amehamia ghorofani Dar, anakushauri: "Si ununue draya tu?" Siyo ile draya ya saluni dada zangu, naongelea mashine ya kukaushia nguo. Unaingiza nguo mbichi, unabonyeza, zinatoka kavu na joto kama mandazi. Sitaki kuwa mnafiki, ile mashine ni tamu. Mwenye mtoto mchanga mwezi wa nne hahitaji kufundishwa utamu wake.

Ila tupige hesabu kidogo. Draya ya kawaida inakula uniti mbili hadi tatu za umeme kwa kukausha mzigo mmoja. Zipo za kisasa zaidi zinazokula karibu nusu ya hapo, lakini bei yake dukani ni ya kukaa chini kwanza. Sasa chukua familia inayofua mara tatu kwa wiki, hiyo ni mizigo kama 12 kwa mwezi, yaani uniti 36 kwa ile inayokula tatu. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO ni yule asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, na yeye uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi. Mteja wa kawaida ni 292 kabla ya kodi, ndiyo maana ukinunua umeme wa elfu moja unapata uniti 2.8 hivi. Yaani draya peke yake inamla yule mteja mdogo karibu nusu ya uniti zake. Bado friji, taa, tivii na pasi. Akivuka 75, neema inaanza kuondoka. Na yule wa kawaida anatoa karibu shilingi 13,000 kila mwezi kulipia kitu ambacho jua lingefanya bure kabla ya saa nane mchana.

Mtaniambia siku hizi umeme upo. Ni kweli, Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na tangu mashine ya kwanza iwashwe Februari 2024 mambo yamekuwa nafuu kuliko ule mgao uliotutesa miezi michache kabla. Wenye kumbukumbu wanakumbuka pia 2006 na 2011. Lakini sisi watu wa kaskazini tuko mkiani mwa nyaya. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani huku huku Kilimanjaro, alieleza mpango wa serikali wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaotoka kule kusini unapotea mwingi njiani. Hebu fikirieni basi. Tuuvute umeme toka Ethiopia, uvuke Kenya nzima, uingie Moshi, tuutumie kukausha soksi, huku nje jua linawaka hadi peving inaunguza miguu!

Na msidhani hii vita ni yetu peke yetu. Marekani, nchi ambako draya ni kitu cha kawaida kama sisi tulivyo na jiko la mkaa, vyama vya wamiliki wa nyumba katika mitaa mingi vilipiga marufuku kamba za nguo. Hoja ilikuwa ileile ya mwenye nyumba wangu, eti zinashusha hadhi ya mtaa. Watu wakachoka. Mwaka 1995 kijana mmoja mwanafunzi, Alexander Lee, akaanzisha kikundi kilichoitwa Project Laundry List kutetea haki ya kuanika. Haki ya kuanika, mmesikia? Mwaka 2008 jimbo la Ontario kule Kanada likaondoa marufuku hizo, na 2009 Vermont ikapitisha sheria ya kulinda kamba. Wenzetu wenye theluji miezi minne wanapigania kamba bungeni, sisi tulio nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta tunaandika mikataba ya kuizuia. Hii tabia yetu ya kuokota vitu wenzetu wanapovitupa nitaiandikia siku nyingine.

Sasa nipande juu kidogo, maana kuna wasomaji wa Marangu, Machame, Kibosho na Uru ambao tangu nianze kuongelea jua wananicheka. Wana haki. Kutoka Moshi mjini hadi Marangu ni mwendo wa saa moja kwa gari, lakini kwa habari ya kuanika nguo ni nchi mbili tofauti. Mjini mwezi wa kwanza na wa pili jinzi inayofuliwa asubuhi unaivaa jioni, adui yako ni vumbi tu. Kule juu, mwezi wa sita hadi wa nane mlima ukifunga umefunga. Ukungu unashuka, manyunyu hayaishi, na shati linakaa kambani siku tatu likiwa na unyevu uleule, siku ya nne linaanza kunuka. Nguo haikaushwi na joto peke yake, inataka upepo na inataka hewa yenye njaa ya maji. Hewa ya Kibosho mwezi wa saba imeshiba.

Halafu kihamba chenyewe kimeumbwa kwa kivuli. Miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba. Wazee walipanga hivyo kwa akili sana, kahawa inapenda kivuli. Nguo haipendi. Kwa hiyo jua la nyumba nzima ni kale kauwanja kadogo mbele ya mlango, na hapo hapo kuna kuku, watoto na mahindi yaliyoanuliwa nusu. Bibi yangu alikuwa anatundika sare zetu za shule juu ya moto jikoni, Jumatatu darasa zima tunanuka moshi, hakuna wa kumcheka mwenzake. Kitu kimoja alichokataa ni kuanika juu ya masale. Ua la masale ni mpaka wa kihamba, na jani la isale ndilo unalobeba ukienda kuomba msamaha. Utaomba msamaha kwa jani lililoanikiwa chupi?

Kwa hiyo mtu wa Machame akiniambia anataka draya kwa ajili ya mwezi wa saba, simbishii. Wala sizibishii hospitali zenye mashuka mamia, au hoteli zinazopokea wapanda mlima walioshuka na matope ya siku sita na ndege inawasubiri KIA usiku. Na kuna lile suala la yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zikiachwa kivulini au chini kwenye majani, funza wake anaingia kwenye ngozi. Ndiyo maana mama zetu walipiga pasi hadi nepi, mbele na nyuma. Joto la draya nalo linayaua yale mayai. Mashine ina mahali pake.

Ila hata kule juu sidhani draya ndiyo jibu la kwanza, kwa sababu jibu tunalo nyuma ya nyumba. Kahawa! Ikishamenywa na kuoshwa inaanikwa kwenye vichanja, juu ya ardhi, hewa ipite chini na juu, mvua ikija inafunikwa na nailoni, mvua ikikatika inafunuliwa. Wachagga wamefanya hivyo vizazi na vizazi kwa ajili ya kahawa inayokwenda kunywewa Ujerumani na Japani. Nguo zao wenyewe wanazitundika kwenye moshi. Ukichukua nguzo nne, ukaweka juu mabati mawili matatu ya plastiki yale yanayopitisha mwanga, ukaacha pande zote wazi upepo upite, umepata mahali ambapo nguo haitalowana tena hata kama inachelewa kukauka. Nimeona nyumba chache zenye kitu cha namna hiyo. Sielewi kwa nini siyo zote.

Kuna jambo lingine linanikera katika mjadala huu, na hapa nawageukia wanaume wenzangu. Wanaotetea kamba kwa maneno matamu, harufu ya jua na nini na nini, wengi hawafui. Wanaoisifia draya nao wengi hawafui! Anayefua ni mama, au dada wa kazi, au yule mama wa Pasua au Njoro anayepita nyumba kwa nyumba na kulipwa kwa beseni. Wingu likitanda Rau ni yeye anayekimbia kuanua, siyo wewe uliyekaa na gazeti. Mmoja ninayemfahamu alinieleza kwamba kwenye hizi nyumba za peving siku hizi anafua kwa bei ileile, lakini anabeba nguo mbichi ngazi mbili hadi juu ya paa kwenye matanki, ndiko walikomruhusu kuanika. Shuka la sita kwa sita likilowana siyo mzigo wa mchezo. Yule msanifu aliyechora ile nyumba angebebeshwa beseni lile mara moja tu, ramani ingebadilika siku hiyohiyo.

Na wizi? Ndiyo, upo. Kuna watu huanua nguo ambazo hawakuzifua, na jinzi nzuri ukiiacha kambani hadi usiku kaitafute Memorial kwenye mitumba. Lakini ukuta ule wa futi nane umejengwa kwa kazi gani, kama hauwezi kulinda hata suruali?

Ndiyo maana nasema suala hili lisiachwe kwa wenye nyumba. Ukitaka kibali cha ujenzi, unapeleka ramani halmashauri. Wanaangalia choo kiko wapi, shimo la majitaka liko wapi, umeacha nafasi kiasi gani toka mpaka wa jirani. Wanaweza kuongeza swali moja: nguo zitaanikwa wapi? Siyo gharama. Ni nguzo mbili za chuma na mita tano za uwanja usio na paa, upande unaopata jua la asubuhi, maana hapa kwetu mchana mawingu hushuka toka mlimani. Kama mtu anapangisha familia nne, aweke kamba nne. Hataki zionekane barabarani? Sawa, aziweke nyuma, na yale maegesho ya gari la pili ambalo hakuna mwenye nalo ayapunguze.